Sifa ya Ugenini na Deni la Nyumbani



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi wa kunena na akili ya kukumbuka. Mazungumzo haya ni juu ya mtunzi wa riwaya, na jinsi alivyopata kusikilizwa na kuheshimiwa katika nchi za ng'ambo. Yumkini baadhi ya wasikilizaji watastaajabu kuona habari za hadithi za kubuni zikipewa nafasi katika mkusanyiko wa Waislamu. Ustaajabu huo utapungua itakapojulikana kwamba mtunzi mwenyewe alisomeshwa Kurani chuoni alipokuwa mdogo, kama wasomeshwavyo watoto wa Mulanda hata leo, na kwamba kitabu kilichomtangaza kwa mara ya kwanza kimejengwa juu ya kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake.

Mtunzi huyo ni Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akakulia karibu na bandari, mahali palipojaa majahazi, wafanya biashara na lugha za kila namna. Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Zanzibar, na baada yake ikawa taabu na hofu kwa watu wengi, hasa wale wenye nasaba ya Kiarabu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hali bado kijana wa miaka kumi na minane, Gurnah aliiacha nchi akaenda Uingereza. Hakurudi kuiona Unguja ila mwaka 1984, muda mfupi kabla baba yake hajafariki dunia. Kijana aliondoka na mtu mzima akarudi. Na miaka yote iliyo katikati aliipitisha katika nchi ambayo watu wake hawakumjua yeye wala walikotoka wazee wake.

Katika upweke ule ndipo alipoanza kuandika. Kitabu chake cha kwanza, Memory of Departure, kilitoka mwaka 1987, naye amekwisha karibia miaka arobaini. Mwaka 1988 kikatoka Pilgrims Way, chenye habari za Daud, kijana wa Kitanzania afanyaye kazi hospitalini katika mji wa Canterbury na kuonja dharau ya wenyeji. Wakati huo wote mtunzi alikuwa pia mwalimu: alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, katika Nigeria, kisha kwa miaka mingi akafundisha Chuo Kikuu cha Kent, hata akastaafu akiwa profesa. Mchana alisomesha vitabu vya wengine, na vyake akaviandika kwa saa zilizosalia. Tangu kitabu cha kwanza hata heshima kubwa kumfikia ilipita miaka 34 na riwaya kumi. Hili ni funzo la kwanza kwa vijana wapendao sifa ya haraka: haba na haba hujaza kibaba.

Heshima ilianza kumjia kidogo kidogo. Mwaka 1994 riwaya yake iitwayo Paradise iliingia katika orodha fupi ya vitabu vilivyoshindania Tuzo ya Booker, iliyo mashuhuri kupita zote katika Uingereza. Hakushinda mwaka ule. Mwaka 2006 alichaguliwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Fasihi, na mwaka 2016 akaketi miongoni mwa waamuzi wa tuzo ile ile ya Booker aliyoikosa. Kisha, tarehe 7 Oktoba 2021, simu ikalia nyumbani kwake Canterbury, naye yumo jikoni akitengeneza chai. Aliyepiga alimwambia kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yeye alidhani ni mtu wa mzaha. Haikuwa mzaha. Chuo cha Sweden kilieleza kuwa kimempa tuzo kwa jinsi alivyochunguza, bila kuficha na kwa huruma, athari za ukoloni na masaibu ya mkimbizi aliyekwama baina ya tamaduni na mabara. Fedha ya tuzo ilikuwa kronor milioni 10 za Sweden. Kwa sababu ya maradhi ya korona hakukuwa na karamu Stockholm mwaka ule. Alikabidhiwa nishani London mwezi wa Desemba.

Afrika ilikuwa imepata tuzo hiyo kabla yake: Wole Soyinka wa Nigeria mwaka 1986, Naguib Mahfouz wa Misri mwaka 1988, Nadine Gordimer mwaka 1991 na J. M. Coetzee mwaka 2003, wote wawili wa Afrika ya Kusini. Lakini kutoka pwani ya Waswahili na nchi zote za Afrika Mashariki, Gurnah alikuwa wa kwanza.

Yafaa sasa kueleza namna mtunzi anavyojulikana ng'ambo, maana hapa petu jambo hilo si la kawaida. Kitabu kinapotoka, mwandishi hualikwa katika maktaba, vyuo, maduka ya vitabu na matamasha. Huketi mbele ya watu, husoma kwa sauti kurasa chache za kitabu chake, kisha mtu mmoja humhoji, na wasikilizaji nao huuliza yaliyowatatiza. Baadaye watu husimama foleni na vitabu mkononi ili avitie sahihi. Mgeni wa mambo hayo ataona kwamba hayako mbali na darsa la msikitini: kitabu kimefunguliwa, mmoja anasoma na kufafanua, wengine wanasikiliza na kuuliza. Tofauti ni kwamba katika darsa mwalimu hueleza maneno ya waliomtangulia, na katika kikao cha mtunzi mwenye kitabu yupo, anaulizwa yeye mwenyewe kwa nini aliandika hivi wala hakuandika vile. Kwa hiyo ni lazima awe tayari kujibu.

Katika hotuba yake ya Nobel, aliyoiita kwa neno moja tu, yaani Kuandika, Gurnah alijibu swali hilo. Alieleza kwamba alipokuwa shuleni kuandika kulikuwa furaha tupu. Alipofika ugenini kuliacha kuwa mchezo, kwa kuwa aliona historia nyingine, nyepesi na ya kuwapendeza wenye nguvu, ikitungwa mahali pa mambo aliyoyajua kuwa yalitukia. Aliona kwamba asipoandika, uongo huo utakaa mahali pa kweli. Basi akaandika ili kukataa.

Alikataa nini? Na atazamwe Yusuf wa katika Paradise. Ni mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake mwenye hoteli ndogo katika mji wa bara, naye ana deni kwa tajiri wa pwani aitwaye Aziz. Mtoto humwita tajiri huyo ami, wala hajui kwamba si ami yake. Siku moja anachukuliwa kwenda pwani, na huko ndiko anakotambua kuwa amewekwa rehani kwa deni la baba. Anauza dukani pamoja na kijana Khalil, aliyewekwa rehani kabla yake. Nyuma ya ukuta iko bustani nzuri kama pepo, na ndani yake yumo bibi mgonjwa anayemtamani. Kisha Yusuf anafuata msafara wa tajiri kwenda mbali bara, msafara unaoingia katika njaa, maradhi na fedheha. Mwislamu anayejua kisa cha Nabii Yusuf, na kile cha mke wa Aziz wa Misri, atatambua mara moja nyuzi zilizotumika kuifuma hadithi hii. Atatambua pia mahali ilipoachana na asili: Nabii Yusuf alitoka gerezani akapewa hazina za nchi, akawasamehe ndugu zake, Yusuf wa riwaya hapati ufalme, na nchi yake inaingia mikononi mwa Wadachi.

Hapa pana jambo zito, wala haifai kulipitia kwa haraka. Mtunzi huyu hakuwasifu wakoloni, lakini pia hakuwapamba watu wake. Alionyesha biashara ya pwani pamoja na watoto waliotolewa rehani, watumwa, na tajiri mwenye sauti ya upole na hesabu kali. Msomaji Mwislamu hawezi kuyasoma hayo bila uchungu. Pengine atasema: kwa nini aibu ya nyumbani itangazwe mbele ya wageni? Jawabu ni kwamba wageni walikwisha kuitangaza zamani, na kwa kuizidisha, ili wapate udhuru wa kutawala. Aliyekaa ndani ya nyumba ndiye awezaye kuisema kwa kiasi chake, akataja ubaya na asisahau wema, yaani ukarimu, ibada na huruma vilivyokuwamo. Ushahidi wa kweli hauachi kuwa wajibu kwa sababu unamwumiza mtoaji wake. Sifa aliyoipata Gurnah ng'ambo ilitokana na uaminifu huo.

Watu wa Mulanda wasidhani kwamba habari hizi ni za pwani peke yake. Misafara ya namna ile ilifika karibu na hapa. Mumias, kwa Nabongo Mumia, ilikuwa kituo mashuhuri cha wafanya biashara wa pwani waliokuwa wakienda Buganda na kurudi, na Uislamu uliota mizizi pale tangu siku zile. Na vita vya 1914 hata 1918, anavyovisimulia Gurnah katika Afterlives ya mwaka 2020, viliwakusanya vijana wa Uganda na wa nchi jirani kuwa askari na wachukuzi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu ya wachukuzi hao. Katika kitabu hicho Hamza, aliyekuwa askari wa Wadachi, anarudi na jeraha, hana kitu, anatafuta kazi na mahali pa kulala. Jeraha kama lake halikubaguwa bendera.

Liko na lingine ambalo watu wa mpakani hulifahamu kuliko wengi. Tuzo ilipotangazwa, Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania na Rais Hussein Mwinyi wa Zanzibar walimpongeza, na furaha ilikuwa kubwa. Mara kukazuka swali: Je, mtu huyu ni wetu au ni wa Waingereza? Ameishi huko zaidi ya miaka hamsini, ana uraia wa huko, na sheria ya Tanzania wakati huo haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wengine walisema ni mwana wa Unguja daima; wengine wakauliza ni nani waliomfanya aondoke.

Swali hilo halina ugeni kwa mtu wa Busia au Tororo. Mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilikatwa likatiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920, na Mumias ikajikuta upande wa pili. Waliolala katika nchi moja waliamka katika nyingine bila kuinua mguu. Tangu hapo ndugu wa baba mmoja wana vitambulisho viwili, na arusi au maziko huvuka mpaka wa Busia na Malaba kila juma. Mtu wa namna hii haulizi kama moyo waweza kuwa na makao mawili; anajua kuwa waweza, na anajua gharama yake. Katika By the Sea, riwaya ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar wa Unguja anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti isiyo yake, amechukua kikasha cha udi wa thamani. Afisa wa uhamiaji anakifungua, anainusa ile harufu, na mwisho anakibakiza kwake. Mwenye kuzoea kupekuliwa mpakani ataelewa kilichochukuliwa pale: ni kumbukumbu ya mzee yule ya nyumbani kwake na ya watu wake.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Gurnah alicheza ugenini, na ugenini ndiko alikotunzwa. Je, nyumbani walimtunza kwa nini? Hapa ndipo lilipo deni. Vitabu vyake vyote aliviandika kwa Kiingereza, ingawa maneno ya Kiswahili na Kiarabu husimama humo kama wenyeji. Paradise ilitoka mwaka 1994. Haikusomeka kwa Kiswahili ila mwaka 2022, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, kwa jina la Peponi. Ilipita miaka 28. Muda huo wote mwanamke wa Unguja au mfanya biashara wa Busia asiyejua Kiingereza hakuweza kuisoma hadithi iliyomhusu yeye kuliko ilivyomhusu msomaji wa London.

Mambo haya yana asili, na asili yake mojawapo ni ya hapa Uganda. Juni 1962 ulifanyika Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliyekuwa bado mwanafunzi wa chuo. Lakini mkutano ulikuwa wa waandishi wa Kiingereza. Shaaban Robert, mshairi na mtunzi mkubwa wa Kiswahili, hakuwa na kiti pale. Na mwezi ule ule wa Juni alifariki dunia Tanganyika. Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, aliukumbusha ulimwengu jambo hilo mara nyingi, na yeye mwenyewe akageukia kuandika kwa Kikikuyu. Gurnah alichagua njia nyingine, wala halaumiwi. Mtu huandika kwa lugha ambayo kalamu yake imeizoea. Lakini jamii inayongoja kuletewa habari zake kutoka ng'ambo imejidhulumu.

Shukrani ziwe kwa Mungu, milango imeanza kufunguka. Kampala ipo FEMRITE, jumuiya ya waandishi wanawake iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1990, ambako watunzi husomeana kazi zao na kusahihishana. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda alishinda shindano la miswada la Kwani? la Nairobi mwaka 2013. Kitabu chake, Kintu, kikachapishwa Nairobi kwanza mwaka 2014 kabla ya kufika ng'ambo, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Windham-Campbell ya Marekani. Tuzo ya Caine nayo huitisha warsha katika nchi za Afrika, na mwaka 2013 ilifanyika Uganda: waandishi wachache hukaa pamoja siku kadhaa, kila mmoja huandika hadithi, huwasomea wenzake, hukosolewa, na mwisho hadithi hizo huchapishwa pamoja. Kwa watungao kwa Kiswahili, tangu mwaka 2014 iko tuzo iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell, iliyojulikana kwanza kwa jina la Mabati-Cornell. Novemba 2021, mwezi mmoja tu baada ya habari za Gurnah, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Basi yabaki ya Mulanda. Hapa katika nchi ya Padhola, Kiswahili si lugha ya mama kwa walio wengi. Nyumbani husemwa Dhopadhola, na Kiswahili hupatikana sokoni, barabarani na mpakani. Hiyo si kasoro. Kijana ajuaye lugha ya nyanya yake, Kiswahili cha Busia, Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha shule, ana mali ambayo watu wengi wa London hawana. Kilichokosekana ni desturi ya kuandika. Wazee wanaojua ni nani walioleta Uislamu katika vijiji hivi, ni nani waliotoa ardhi za misikiti, ni nani walioswali peke yao miaka ya mwanzo wakichekwa na jirani, wanakwenda mmoja mmoja katika rehema ya Mungu. Kila anapozikwa mmoja, sura moja ya historia huzikwa naye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu ni mali.

Yako mambo matatu ambayo jumuiya yaweza kuyafanya bila kungoja fedha ya mfadhili. La kwanza, walimu wa madrasa watenge saa moja kila juma ambayo mwanafunzi ataisomea jamaa kwa sauti habari aliyoiandika mwenyewe, kwa lugha yoyote aijuayo vema. Asahihishwe kwa upole wala asichekwe. La pili, vijana waliosoma wapelekwe kwa wazee na daftari na kalamu, waandike yale watakayoambiwa, pamoja na majina na miaka, na nakala ziwekwe msikitini. La tatu, vinunuliwe vitabu vichache, Peponi kikiwa kimojawapo, visomwe barazani sura kwa sura, wanaume na wanawake wapate kusikia na kujadili. Mwanamke asisahauliwe katika jambo hili. Mara nyingi yeye ndiye daftari la ukoo.

Si kila mtoto wa Mulanda atakayepigiwa simu kutoka Sweden, wala si hilo linalotafutwa. Chanda chema huvikwa pete, lakini chanda huwa chema kwa kazi, si kwa pete. Gurnah aliandika miaka mingi wakati hakuna aliyemwahidi kitu, kwa kuwa aliona kweli inafutika naye anaweza kuizuia isifutike. Kweli ya Waislamu wa Mulanda nayo yaweza kufutika, na wanaoweza kuizuia wameketi hapa leo, wala hawako ng'ambo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape umri wazee waliobaki, na awatie vijana nguvu ya kuuliza na kuandika kabla wakati haujapita.